Kioo cha Dirisha Kimevunjika? Pima Mara Tatu, Lipa Mara Tatu

Jumapili moja mwezi wa Julai, mwendo wa saa kumi jioni, nilikuwa nyumbani Kahawa West nikikunja nguo. Mara nikasikia "paa!" na vipande vya kioo vikamwagika juu ya kitanda. Nikachungulia nje. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama hapo, mikono kichwani, hata kukimbia hakukimbia. Mpira wake ulikuwa ndani ya nyumba yangu.

Mamake huuza chapati pale getini. Alikuja bado ana unga mikononi. "Dadangu, nitalipa," akaniambia, "lakini polepole. Na tafadhali, keateka asisikie ni wangu." Kodi yake ya mwezi huo ilikuwa imechelewa na hakutaka sababu nyingine ya kuitwa kwa mwenye ploti.

Mimi nami nilikuwa na yangu. Nilikuwa nimeshatoa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi, na depositi yangu ya shilingi 9,000 ilingojea nyumba ikaguliwe. Nikamwambia keateka kioo kimevunjika na nitakirudisha. Hakuuliza ni nani, na mimi sikusema.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua siku tano na vioo viwili. Hebu nikueleze nilipokosea, ndiyo wewe usipitie hapo.

Kosa langu la kwanza: nilipima ninachokiona

Nilichukua tepu, nikapima ile nafasi iliyo wazi: sentimita 38 kwa 58. Nikamtumia fundi vipimo kwa meseji, na papo hapo nikamtumia pesa zote, shilingi 1,400. Za kioo, za puti na za ufundi, zote mara moja. Nilijiona mjanja, nimemaliza maneno.

Kesho yake fundi akaja na kioo. Akakiinua kwenye fremu, kikapita katikati kama barua kwenye sanduku la posta. Kilikuwa kidogo. Nikaanza kulalamika, lakini yeye akatoa simu kwa utulivu: "Dada, mimi nimekata ulichoniandikia." Na kweli, meseji ilikuwa pale: 38 kwa 58. Kosa lilikuwa langu. Kioo kikishakatwa hakirudishwi dukani, kwa sababu dirisha la mtu mwingine halina vipimo vyako.

Kumbe kioo hakikai kwenye ile nafasi unayoiona. Fremu ina ukingo mdogo pande zote nne ambapo kioo hukalia, na puti huufunika. Kwangu ukingo huo ulikuwa sentimita 1 kila upande. Kwa hivyo toa puti kuukuu kwanza, ndipo upime.

Namna ya kupima vizuri

Tumia milimita. Pima upana mara tatu: juu, katikati na chini. Kisha pima urefu mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Kila mara tepu ianzie ndani ya ukingo mmoja hadi ndani ya ukingo wa pili. Fremu nyingi hazijanyooka kama unavyodhani, kwa hivyo vipimo vitatofautiana kidogo.

Vyangu vilikuwa hivi:

- Upana: 402, 400, 401
- Urefu: 601, 600, 603

Chukua kile kidogo zaidi, yaani 400 kwa 600. Kisha punguza milimita 4 kwa kila kimoja. Kioo cha kuagiza ni milimita 396 kwa 596. Hizo milimita 4 si za kupoteza. Chuma hupanuka jua likiwaka, na kioo kilichobanwa bila nafasi hupasuka chenyewe bila kuguswa na mpira wa mtu.

Pia pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kama unachora herufi X. Vipimo viwili vikilingana, fremu yako imenyooka. Visipolingana, kata kipande cha katoni kinachoingia vizuri kwenye fremu ukipeleke dukani kama mfano.

Hadiwea nyingi bado huuza kioo kwa futi ya mraba. Inchi 1 ni milimita 25.4, kwa hivyo 396 kwa 596 ni kama inchi 15.6 kwa 23.5. Zidisha, kisha gawanya kwa 144. Unapata takriban futi za mraba 2.5. Ukiijua hesabu hii kabla ya kuingia dukani, hutatajiwa bei ya futi 4 ukakubali tu.

Uchague kioo gani?

Kwa dirisha dogo la nyumbani, watu wengi huchukua cha milimita 3 au 4. Dirisha likiwa kubwa au likiwa mahali penye upepo mwingi, ongeza unene. Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kama kilo 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hivyo changu kilikuwa kama kilo 2 na nusu. Cha bafu au choo, omba kile chenye maua-maua kisichoonyesha ndani. Mlango wa kioo, au dirisha lililo chini karibu na sakafu ambapo mtoto anaweza kuliangukia, uliza kioo cha usalama ambacho hakivunjiki kwa vipande virefu vyenye makali.

Na mwambie muuzaji kama fremu ni ya chuma au ya mbao, kwa sababu puti zake hutofautiana. Puti ya kawaida ya mbao ni unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani. Kwenye chuma inachelewa kukauka, ndiyo maana kuna ya chuma yake.

Ukibeba kioo, kisimame wima, kimefungwa kwa blanketi au katoni. Kukilaza ndiko kunakokivunja. Na bodaboda, tafadhali, hapana.

Ukitaka kuweka mwenyewe

Kama unakaa chini na dirisha unalifikia ukiwa umesimama nje, kazi hii unaiweza. Kama uko ghorofani, mwachie fundi mwenye vifaa. Madirisha yetu mengi yana grili ndani na puti nje, na hakuna kioo kinachostahili wewe kuning'inia.

1. Vaa glavu nene, viatu vilivyofunika vidole na miwani ya kukinga macho. Watoto wakae mbali.
2. Bandika selotepu kwenye vipande vilivyobaki, kisha uvitoe kimoja kimoja ukianzia juu. Ukianza chini, vya juu vitakudondokea.
3. Ng'oa puti kuukuu kwa patasi na nyundo, taratibu. Imekauka kama jiwe, lakini ukiipiga kwa hasira utapinda fremu.
4. Sugua ukingo kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, upake rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke. Hapa ndipo wengi huruka. Puti haishiki vizuri juu ya kutu, na mvua ikija maji huingia.
5. Kanda puti mkononi hadi iwe laini kama unga wa chapati. Tandaza tabaka jembamba, kama milimita 3, kuzunguka ukingo wote.
6. Weka kioo kianzie chini, kisha kisukume polepole kwa kubonyeza kingo zake. Usibonyeze katikati.
7. Paka puti ya nje kwa mteremko, ili maji ya mvua yateleze yasitulie. Lainisha kwa kisu cha puti kilicholoweshwa maji kidogo.
8. Usibamize dirisha wala kuliosha kwa nguvu siku za mwanzo. Puti ikishaunda ngozi ngumu, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, ipake rangi, na rangi iguse kioo kidogo ili kuziba kabisa.

Vile vipande vilivyovunjika vifunge kwa magazeti mengi, uvitie kwenye katoni na uandike juu kwa herufi kubwa: KIOO. Vijana wanaobeba taka huinua mifuko kwa mikono mitupu, na wengine huipakata kifuani.

Kosa langu la pili: nililipa zote mwanzoni

Turudi kwa fundi wangu. Baada ya kioo cha kwanza kukataa, alisema atarudi kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Siku tatu nililala na katoni dirishani, baridi ya Julai ikipita pembeni, na usiku kila mlio wa paka nilidhani ni mwizi.

Alikuwa ananiibia? Hapana. Alikuwa na kazi nyingine ambayo haijalipwa, na yangu ilishalipwa. Wewe ungeanza wapi?

Hatimaye siku ya tano nilienda hadiwea mwenyewe na vipimo vipya, nikalipia kioo cha pili kwa tili ya duka, shilingi 600, nikampigia fundi nikamwambia kioo kiko tayari, kinangoja mikono yake tu. Alifika kabla ya saa sita na akafanya kazi safi. Lakini siku nyingine nitagawa malipo mara tatu, hivi:

Malipo ya kwanza: vifaa, moja kwa moja kwa duka. Lipa wewe mwenyewe kwa nambari ya tili. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na jina la duka. Lisipofanana, simama uulize. Ukilipa hivi unajua bei halisi ya kioo, na fundi naye hashukiwi kuongeza chochote.

Malipo ya pili: sehemu ndogo ya ufundi, fundi akishafika. Mkubaliane bei yote kwanza kwa meseji. Kisha mtumie kiasi akiwa amefika na vifaa. Hapo kazi imeanza, na yeye ana ya chakula cha mchana.

Malipo ya tatu: salio, baada ya kukagua. Gonga kioo taratibu kwa kidole, kisitikisike. Angalia puti imezunguka pande zote bila tundu. Fungua na ufunge dirisha. Tazama pembe kama zina nyufa. Kila kitu kikiwa sawa, tuma salio hapo hapo mbele yake. Fundi ametimiza, usimzungushe mpaka jioni.

Kumbuka meseji ya malipo huonyesha kiasi, tarehe, jina na nambari ya muamala, lakini haisemi pesa zilikuwa za nini. Kwa hivyo ukishatuma, mwandikie mwenzako sentensi moja: "Hii 300 ni ya ufundi wa dirisha, imebaki 300." Meseji hiyo inakulinda wewe, na inamlinda yeye pia. Kama si ile meseji yangu ya 38 kwa 58, mimi ningemlaumu fundi asiye na kosa na kumharibia jina mtaa mzima.

Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, usingoje kesho. Wasiliana mara moja na huduma kwa wateja kupitia nambari rasmi, ukiwa na meseji ya muamala. Na mtu yeyote akikupigia akitaka nambari yako ya siri ndiyo "akurudishie pesa," kata simu. Sisi hatutakuuliza kamwe.

Kama unapanga nyumba

Piga picha ya dirisha kabla ya kugusa chochote, na nyingine kazi ikiisha. Soma mkataba wako uone ukarabati gani ni wako na upi ni wa mwenye nyumba, na umjulishe keateka kwa maandishi. Hifadhi risiti ya duka pamoja na meseji za malipo. Siku ya kuhama, mtu akisema dirisha hili lilikuwa bovu, unafungua simu tu.

Depositi yangu ilirudi yote 9,000.

Na mama wa chapati? Tulikubaliana alipie kioo kimoja, shilingi 600. Kile cha kwanza kilikuwa makosa yangu, hakikumhusu. Akasema atatuma 100 kila Jumamosi. Nilihama akiwa amelipa mara mbili tu, na kusema kweli nilijua hizo nyingine nimezisamehe. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikalia: 100. Iliyofuata, tena. Jumamosi ya sita meseji ya mwisho ilipoingia, nilimwandikia: "Mama, umemaliza, hunidai sikudai." Akajibu baadaye, labda chapati zilipoisha: "Asante. Siku hizi anacheza uwanjani."

Leo jioni ukifika nyumbani, angalia madirisha yako. Kama kuna lenye ufa, usingoje mvua au mpira. Pima mara tatu, andika vipimo kwenye simu, na ukimwita fundi mgawie malipo mara tatu. Je, wewe uliwahi kumlipa fundi zote mwanzoni, na mliishia wapi?