Usichague chuo kwa pointi pekee, uliza pia utaishi na nani

Uko saiba pale Keroka, foleni imefika nje, na jamaa wa kompyuta ashakuuliza mara mbili: "Tuweke gani?" Kwenye skrini kuna majina ya vyuo, na kando ya kila kozi kuna nambari yenye desimali. Mfukoni una karatasi aliyokuandikia kaka yako: "Anza na UoN. Ni ngumu kuingia, kwa hivyo ni nzuri." Mama naye alikuambia jambo moja tu ulipokuwa ukitoka nyumbani: "Mwanangu, usiende mbali."

Kabla hujajibu, hebu tuangalie hiyo nambari.

Wengi wetu tunadhani ni alama ambayo maprofesa waliketi wakaamua. Sivyo. Ni pointi za klasta, ambazo huhesabiwa kutoka 48, za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi katika kozi hiyo mwaka uliopita. Tuseme nafasi ni 100 na walioomba ni 1,000. Kuccps inaanza na aliye juu kabisa, inashuka hadi wa 100, inasimama. Pointi za huyo wa 100 ndizo unazoziona. Mwaka huu wakiomba wengi zaidi, zinaweza kupanda. Wakipungua, zitashuka, na walimu ni wale wale, maabara ni ile ile.

Kwa maneno mengine, nambari hiyo inakuonyesha foleni ilivyokuwa. Na foleni si fupi. Katika KCSE ya 2024 pekee, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ya chini kabisa ya kusomea digrii.

Chukua ualimu. Kozi ile ile inaweza kudai pointi nyingi katika chuo cha jijini na chache Rongo au Kisii. Lakini TSC ikikusajili kufundisha sekondari, inataka kujua kama ulipata C+ ya jumla na C+ katika masomo yako mawili. Haikuulizi foleni yako ilikuwa ndefu kiasi gani. Kwa uhandisi, swali la maana ni kama Bodi ya Wahandisi inaitambua kozi hiyo katika chuo hicho. Sheria, udaktari na uuguzi pia zina mabaraza yake. Hili likague mwenyewe, usimwachie jamaa wa saiba. Kuna watu waliomaliza miaka mitano ndipo wakagundua.

Sasa tuje kwa Mama.

Usimcheke. Kama mnaishi Borabu, anakumbuka mapigano ya mpaka wa Sotik baada ya uchaguzi wa 2007, na jamaa waliorudi kutoka Bonde la Ufa bila hata sufuria. Anakumbuka pia Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na vijana kutoka kila pembe ya nchi wakauawa, watoto waliotumwa huko na fomu kama hii unayojaza. Anaposema "mbali" hahesabu kilomita.

Lakini jiangalie na wewe. Kama ulisoma shule ya msingi Nyamaiya, sekondari Nyamira, kanisa ni la kijijini na marafiki ni wa mtaani, basi una miaka 18 na hujawahi kugombania ndoo ya maji na mtu asiyejua Ekegusii. Kazi utakayoitafuta huenda ikawa Nakuru, Mombasa au Lodwar. Kuishi na watu wa kwingine ni kitu cha kujifunza, na chuo ni pahali pa bei nafuu pa kujifunzia kuliko kazini.

Hapa ndipo mambo yanapinduka kidogo. Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho kilianza 1965 kama chuo cha walimu, kikawa chuo kishiriki cha Egerton 2007 na kupata hati yake 2013, hakijai Wagusii peke yao. Kuccps hupanga wanafunzi kutoka nchi nzima. Mwenzako wa chumba anaweza kuwa Mturkana au Mgiriama anayeshangaa baridi na mvua yetu ya kila jioni. Wafanyakazi ndio mara nyingi hutoka jirani, ingawa sheria ya uwiano ya 2008 inasema jamii moja isizidi thuluthi moja ya wafanyakazi katika taasisi ya umma.

Na kinyume chake pia kipo. Unaweza kupanda basi hadi Kilifi au Juja, ukapokewa na chama cha wanafunzi kutoka Gusii, ukapangiwa keja na mabeste wa nyumbani, ukala nao, ukapiga kura nao, na ukarudi baada ya miaka minne ukiwa hujatoka Nyamira. Mimi sivichukii vyama hivyo. Ukiugua saa nane za usiku ndio watakaokubeba. Ila visiwe chuo chenyewe.

Kwa hivyo panga hivi. Kozi kwanza. Chaguo la juu liwe lile unalolitamani hata kama pointi zako zimepungua kidogo. Kujaribu hakukugharimu nafasi zilizo chini. La katikati liwe pale ulipo sawa na wa mwisho wa mwaka jana. La chini liwe la uhakika, lakini pahali ambapo kweli ungeenda. Usijaze vyuo vya kung'ang'aniwa vyote. Ukikosa vyote, utarudi kuchagua kutoka kwa kilichobaki. Kuhama baadaye kunawezekana, ila lazima utimize pointi za kozi unayohamia.

Kisha mtafute mtu wa mwaka wa tatu katika kila chuo ulichoandika. Usimuulize kama ni kizuri, atasema ndiyo. Muulize analala na nani chumbani, chama cha wanafunzi hupigania nini, mhadhiri akiingia darasani huongea lugha gani, na kodi ya nyumba nje ya geti ni pesa ngapi. Hiyo ya mwisho mwambie Mama pia, maana Kisii unaweza kurudi nyumbani wikendi ukabeba ndizi na unga, na Kilifi huwezi.

Jamaa wa saiba anauliza mara ya tatu. Mwambie ahudumie mwingine kwanza, unapiga simu.