Pongal: Chakula Kitamu cha Mavuno cha Watamili

Katika Bara Hindi, upande wa kusini kabisa, wanakaa watu waitwao Watamili. Nchi yao huitwa Tamil Nadu, jina lililowekwa mwaka 1969. Kabla ya hapo ilijulikana kuwa Jimbo la Madras. Wengine wao wanakaa kaskazini na mashariki ya kisiwa cha Sri Lanka. Kila mwaka, tarehe 14 au 15 Januari, hufanya sikukuu kubwa ya mavuno, na chakula cha siku hiyo ni wali mtamu uliopikwa pamoja na choroko na sukari guru. Sikukuu yaitwa Pongal, na chakula nacho chaitwa pongal, kwa kuwa jina hilo limetoka katika neno la Kitamili lenye maana ya kuchemka hata kufurika.

Kwetu mpishi akiacha maziwa yamwagike mekoni hukaripiwa. Kwa Watamili siku hiyo ni kinyume: jamaa wote husimama kukizunguka chungu wakingoja kimwagike, na povu la maziwa linapopita ukingo hupiga kelele kwa furaha, “Pongalo Pongal!” Chungu kilichofurika ni dalili ya mwaka wa shibe. Wako hata watazamao povu limemwagikia upande gani, na upande wa mashariki husifiwa kuliko zote. Basi mama wa nyumba anayepika siku hiyo ana mzigo kweli kweli, maana macho yote yako juu ya chungu chake.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini mavuno yawe Januari? Watu wa pwani wanaujua upepo wa kaskazi, uliokuwa ukizileta jahazi kutoka Bara Hindi. Majira hayo ya upepo wa kaskazini-mashariki ndiyo yanayowaletea Watamili mvua zao, tangu Oktoba hata Desemba, kwa kuwa upepo hupita kwanza juu ya Ghuba ya Bengal na kuchukua maji. Sehemu kubwa ya Bara Hindi hupata mvua wakati wa upepo wa kusi, lakini nchi ya Watamili imezibwa na milima iliyo magharibi yake. Kwa hiyo mpunga uitwao samba, ambao hupandwa kwa wingi katika nchi ya mto Kaveri kama mwezi wa Agosti, hukatwa Januari. Miwa nayo huwa tayari, na manjano hung’olewa mbichi. Wana msemo wao kwamba mwezi wa Thai ukizaliwa, njia nayo huzaliwa. Na Thai ndio mwezi uanzao siku hiyo ya kupika. Mkulima aliyekuwa na deni, au mwenye binti wa kuozwa, sasa ana kitu mkononi.

Sasa nieleze upishi wenyewe, kwa kiasi cha nyumba ndogo. Twaa kikombe kimoja cha mchele mpya usiochemshwa na maganda yake, robo kikombe ya choroko, kikombe kimoja na nusu cha sukari guru iliyopondwa, kikombe kimoja cha maziwa, maji vikombe vinne, na samli robo kikombe au zaidi. Tena iliki punje nne au tano, korosho kiganja kimoja, na zabibu kavu kidogo.

Choroko, ambazo wengine wetu huziita ndengu, ziwe zimepasuliwa na kuondolewa maganda ya kijani, zibaki za manjano. Asiyezipata dukani aweza kuzipasua juu ya jiwe la kusagia, kuziloweka, kuzisugua kwa mikono hata maganda yaelee, kisha kuzianika. Zikaange kavu katika chungu, bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka zitoe harufu nzuri na kuanza kubadilika rangi. Usizipite hapo, maana zikiungua uchungu wake hauondoki kwa sukari yo yote. Zioshe pamoja na mchele.

Siku ya sikukuu chungu huwa kipya, cha udongo au cha shaba, na shingoni hufungwa mmea wa manjano mbichi pamoja na majani yake. Huwekwa uani juu ya mafiga, mahali palipopambwa kwa michoro ya unga wa mchele, na miwa mizima husimamishwa kando. Maziwa na maji hutiwa kwanza, yakachemshwa hata yafurike. Hapo ndipo mchele na choroko hutiwa, na moto hupunguzwa. Siku hizi wengi wa mjini hupika kwa sufuria ya mfuniko wa kukaza mvuke. Kazi huisha upesi, lakini chungu hakifuriki, na kwa hiyo hata wao hupenda kuchemsha maziwa mbali kidogo ili kelele zipigwe.

Acha viive mpaka choroko zivurugike na punje ya mchele ibonyee kati ya vidole viwili bila kiini. Sizungumzi habari ya wali wa kuchambuka, bali wali uliolainika kama wa mgonjwa. Hapa ndipo wapishi wengi wasio na subira huharibikiwa. Wakiona chungu kimechelewa, hutia sukari guru mapema wakidhani vyote vitaiva pamoja. Haviivi. Sukari huyavuta maji na kuzizuia punje zisilainike, tena sukari guru ina chokaa ndani yake, ambayo huzidi kuzikaza choroko. Ukiisha kuitia, waweza kupika hata jua lizame, na choroko zilizokuwa ngumu zitabaki ngumu. Tena sukari guru ina ukali kidogo, nayo ikikutana na maziwa mengi yaliyo motoni yaweza kuyakata. Kwa sababu hiyo Watamili wapikapo payasam, yaani uji mtamu wa choroko na sukari guru, huteremsha chungu kwanza kabla ya kutia maziwa.

Basi wakati wali unaiva, tia sukari guru katika sufuria nyingine na nusu kikombe cha maji, uiyeyushe, kisha uichuje kwa kitambaa safi. Usiache kuichuja, hata ikiwa yaonekana safi, kwani hutengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa katika karai pana mpaka yagande, na mara nyingi hubaki na mchanga na nyuzi za miwa. Irudishe motoni ichemke kidogo tu mpaka inate vidoleni. Sukari guru nyeusi hutoa pongal yenye rangi ya kahawia iliyokolea, nayo kwa maoni yangu ni tamu kupita ile ya rangi ya dhahabu. Kwetu, hasa magharibi ya Kenya, sukari guru imepata jina baya kwa ajili ya watu waipikiao pombe kali. Lakini kosa si la sukari.

Mimina sukari hiyo juu ya wali kwa moto mdogo, ukikoroga. Mwanzo utaona wali umekuwa majimaji, wala usiogope. Endelea kukoroga, ukitia samli kidogo kidogo, mpaka vyote viwe kitu kimoja kinachoachana na ubavu wa chungu. Epua kingali kilegevu, kwa kuwa kikipoa hukaza. Kaanga korosho na zabibu katika samli iliyobaki, hata korosho ziwe nyekundu na zabibu zivimbe, uzimwage juu pamoja na iliki iliyotwangwa.

Wapishi wengi wa Kitamili huongeza chembe ya kafuri, ndogo kuliko punje ya mchele. Hapo nawaonya wasomaji: hiyo ni kafuri ya kuliwa, iuzwayo kwa jina lake mbali. Kafuri ya kuwekwa katika nguo ili kufukuza nondo ni sumu, na mtoto aweza kufa kwa kidogo tu. Asiyeijua tofauti yake na aiache kabisa, iliki yatosha.

Pongal ikiisha kupikwa huwekwa juu ya jani la mgomba, ikatolewa kwanza kwa Jua, ambalo Wahindu hulishukuru siku hiyo, kisha jamaa na jirani hugawiwa. Watamili Wakristo wengi nao huipika, wakimshukuru Mungu kwa mavuno kwa desturi ya dini yao.

Kesho yake ni siku ya ng’ombe, waliolima na kuvuta magari. Huoshwa mtoni au kisimani, pembe zao hupakwa rangi na shingo zao huvikwa maua, wala hawafungwi nira. Chungu huwekwa motoni tena, na pongal ikiiva, wenye nyumba huwalisha ng’ombe kwanza, kwa mkono, ndipo nao wale.