Vyombo Vidogo vya Kuchongea Ngalawa za Watoto

Huku Matemwe, mkabala wa kisiwa cha Mnemba, mtoto wa mvuvi huijua ngalawa kabla ya kuipanda. Huchonga yake ndogo kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi na laini, akaitia mirengu na tanga, akaijaribu katika maji ya ufukweni. Kazi hii ni njema, lakini mara nyingi twamwacha aifanye kwa kisu butu cha jikoni. Kisu butu hutaka nguvu nyingi, na kikiteleza hukata mkono. Basi, yatupasa kumfanyia vyombo vyake.

Msumari wa kawaida haufai. Chuma chake ni laini, hata ukikitia moto na maji hakishiki makali. Tafuteni tupa nyembamba iliyochakaa, maana hiyo ni chuma cha pua. Itieni katika makaa ya vifuu mpaka iwe nyekundu, kisha iacheni ipoe ndani ya majivu usiku kucha. Italainika, nanyi mtaweza kuipiga tupa nyingine iwe patasi ndogo.

Ikiisha kupata umbo, tieni ncha yake tena motoni. Mtajuaje kwamba imeiva? Sumaku haitaishika. Hapo itoseni majini mara moja. Sasa ni ngumu, lakini msifurahi upesi: ugumu huo ni kama wa kioo, ikigonga fundo la mti itamegeka. Ing'arisheni kwa jiwe, kisha ipasheni moto polepole upande wa nyuma, hata ncha igeuke rangi ya majani makavu, yaani kadiri ya digrii 230, mkaitose tena. Ikipita hata kuwa buluu, imelainika mno. Rudieni kuitia moto mwekundu na maji.

Kwa kukomba tumbo la ngalawa, chukueni ubavu wa chuma wa mwavuli mbovu, ule wenye mfuo kama mfereji. Kateni kipande cha urefu wa kidole, noeni ncha yake, nanyi mmepata patasi ya mviringo pasipo moto. Mpini na uwe wa tawi kavu la mpera.

Kazi ya moto ni ya mtu mzima. Kunoa mfundisheni mtoto mwenyewe, juu ya jiwe lenye maji, tena mwambieni mkono wake wa kushoto usikae kamwe mbele ya makali. Na kila jioni avipake vyombo vyake mafuta ya nazi, maana hewa ya chumvi huku pwani hula chuma upesi.