Kabla hujamkatia mwanao tiketi ya ughaibuni

Kila mwaka ifikapo Julai na Agosti, kwenye Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, huonekana vijana wa miaka 15, 16 na 17 wakiwa na begi jipya mgongoni na bahasha ya nyaraka mkononi. Mmoja amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Marekani kupitia mpango wa YES, ulioanzishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2002 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Mwingine anakwenda kusoma kwenye moja ya shule za UWC, mtandao uliozaliwa Wales mwaka 1962 na ambao siku hizi una shule pia Moshi na Arusha. Wa tatu anakwenda tu likizo kwa shangazi yake London. Safari ni tofauti, ila wakishapita ukaguzi wa usalama, wote watatu wamewaacha baba na mama nyuma.

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza umri. Ni swali la haki, na mashirika ya ndege nayo huanzia hapo. Mengi hayampokei mtoto wa chini ya miaka 5 bila mtu mzima. Wa miaka 5 hadi 11 husafiri kwa huduma maalumu ya uangalizi: mzazi anajaza fomu, mhudumu anamshika mtoto mkono, na huko aendako anakabidhiwa kwa mtu aliyetajwa kwenye fomu, kitambulisho kikiwa mkononi. Kuanzia miaka 12, mashirika mengi humhesabu kama abiria wa kawaida, isipokuwa mzazi akiiomba huduma hiyo na kuilipia. Lakini shirika likimpokea kama abiria, halijasema kwamba amekomaa. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mpaka atimize miaka 18 huyo bado ni mtoto, na dhamana yake iko kwako.

Nimezungumza na wazazi waliosafirisha watoto wao, na nimeshawishika kwamba alama za darasani na Kiingereza kizuri havitoshi kuamua jambo hili. Cha kupima ni kijana atafanya nini siku mambo yakienda kombo.

Kuuliza, kukataa, kusema

Chukua safari ya kawaida ya Dar es Salaam kwenda London kupitia Ghuba. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya kuunganisha inaweza kumwacha. Geti lililoandikwa kwenye pasi ya kupandia linaweza kubadilishwa yeye akiwa bado angani. Saa za Doha, Addis Ababa na Istanbul ni sawa na zetu, lakini Dubai wametutangulia kwa saa moja. Kijana asiyerekebisha saa yake ya mkononi atafika getini ndege imeshaondoka. Mageti yenyewe hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka. Usiku ukimkuta hapo, hoteli nyingi hazimpi chumba mtu wa chini ya miaka 18 aliye peke yake.

Anayevuka salama ni yule anayemwendea mfanyakazi mwenye sare, anamtazama usoni na kusema: nimeachwa na ndege, nina miaka 16, naomba msaada. Kwetu jambo hili linahitaji kufundishwa, maana tumewazoesha watoto kunyamaza mbele ya wakubwa. Darasani anayeuliza sana huitwa msumbufu, na nyumbani huambiwa anajibizana. Kimya hicho ndicho kitakachomponza kwenye ukumbi wenye maelfu ya watu asiowajua. Tunasema kuuliza si ujinga. Basi tumwache aulize nyumbani kwanza.

La pili ni kukataa. Mtu mzima, mwenye sura ya upole, anamwambia kwa Kiswahili safi: "Mwanangu, naona mzigo wako mwepesi, nisaidie na hiki kibegi mpaka huko." Kwa adabu tuliyompa, kijana atasimama, atasema shikamoo na kupokea kwa mikono miwili. Kitakachokutwa ndani, hata kama ni dawa za kulevya, kitahesabiwa ni chake. Na mara nyingi wanaomtwisha mizigo ya watu ni sisi wenyewe. Jirani analeta bahasha iliyofungwa kwa gundi ampelekee mwanawe, shemeji analeta nyama ya kukausha, ilhali Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu. Mkatalie jirani yako kwa heshima huku mtoto akisikia, ili ajue maneno hayo husemwaje.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kusema mabaya yanapomfika. Kumbuka mara ya mwisho alipopoteza ada, kuvunja simu au kushindwa mtihani. Alikwambia siku ileile, au uliambiwa na mwalimu wiki tatu baadaye? Anayekuficha mambo madogo akiwa chumba cha pili atakuficha makubwa akiwa bara jingine. Mwenyeji akimnyanyasa, au mtu akimgusa asivyotaka, atanyamaza kwa kuhofia kwamba utasema amechezea bahati. Na kama anaficha kwa sababu ya ukali wako, anza kujitayarisha wewe mzazi.

Nyaraka na maswali ya Uhamiaji

Mtoto anayesafiri bila wazazi abebe barua ya idhini iliyosainiwa na baba na mama, iliyothibitishwa na wakili au kamishna wa viapo, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na jina, anuani na simu ya mwenyeji. Nchi zinatofautiana. Afrika Kusini, kwa mfano, hutaka pia barua ya mwenyeji na nakala ya kitambulisho au pasipoti yake. Viza ya Uingereza kwa mtoto hutofautisha anayesafiri na mtu mzima na anayesafiri peke yake. Akiombewa ya kusafiri na baba, kisha baba akaghairi dakika za mwisho, anaweza kurudishwa mpakani. Marekani, abiria huchukua begi lake kwenye uwanja wa kwanza anaotua na kulikabidhi upya, hata kama mwisho wa safari ni jimbo jingine. Mambo haya ayajue kijana mwenyewe, asibaki nayo mzazi peke yake.

Ofisa wa Uhamiaji akimuuliza maswali mengi, asichukie. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Chini ya Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, kumsafirisha mtu wa chini ya miaka 18 ili atumikishwe ni uhalifu, hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa. Maswali yale yapo kwa ajili ya kumlinda.

Hapa niseme wazi. Zipo safari ambazo hakuna kijana aliye tayari kwazo. Akija wakala na ahadi ya kazi ya ndani ughaibuni, akataka umri uongezwe kwenye pasipoti, akakwambia jina la mwajiri mtalijua mkifika, safari hiyo ifutwe siku hiyohiyo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ndefu juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu: walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi mchana na usiku, waliopigwa. Yaliyowashinda watu wazima tusimtupie mtoto.

Mazoezi yaanzie Mbezi

Habari njema ni kwamba utayari hujengwa, na sisi tuna pa kuanzia. Kila shule zinapofungua, Stendi ya Magufuli pale Mbezi hujaa wanafunzi wa bweni wanaokwenda Iringa, Songea na Bukoba. Wengine wana miaka 13 tu. Mama anamkabidhi mtoto kwa kondakta, anaandika namba ya basi, kisha anasubiri simu. Mtoto aliyelinda begi lake kwa saa 12, akajua kituo cha kushukia na akapiga simu alipofika, ameshafanya nusu ya mtihani.

Nusu ya pili ifanyike kwa ndege ya ndani. Mkisafiri pamoja kwenda Mwanza au Kilimanjaro, mwache yeye aongoze: atafute kaunta, asome ubao wa geti, ajue kwamba vimiminika vya kwenye begi la mkononi havizidi mililita 100 kila chupa na kwamba pawabenki haiwekwi kwenye begi la mizigo. Akikosea njia, usimrekebishe haraka. Subiri uone kama atauliza. Safari inayofuata aende peke yake.

Viza nayo ajaze fomu mwenyewe, wewe ukikagua. Namba tatu za simu aziandike kwenye karatasi, maana simu huzima. Kama ana pumu au selimundu, amwone daktari mapema na apewe barua: hewa ndani ya ndege huwa hafifu kama ya mlimani, wakati mwingine sawa na ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kama ni mara yake ya kwanza na shirika linatoa uangalizi kwa umri wake, lipia. Ataona aibu kidogo mbele ya wenzake, lakini atafika.

Ukishapima yote haya, muulize mwenyewe. Wapo vijana wanaokubali kwa sababu ukoo mzima umeshachangishana, picha zimeshapigwa, mchungaji au shehe ameshaombea, na hakuna tena nafasi ya kusema naogopa. Mpe nafasi hiyo kabla hujalipa tiketi, mkiwa wawili tu. Akisema mwaka huu hapana, kubali bila kumwita mwoga, kisha muanze mazoezi ya mwakani. Akisema ndiyo, na umeshamwona akiuliza, akikataa na akikwambia ukweli ulio mchungu, mruhusu aende.