Kuzima Si Kukata



Jioni moja katika dispensari nilizima kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi nilichukua kitambaa chenye maji ili nipanguse mavumbi nyuma yake. Kabla sijaigusa, ikavuma na kuanza upya. Niliagiza ilale, yenyewe ikaamka. Na waya wake ulikuwa bado ukutani.

Ugonjwa huu wa kompyuta unajulikana. Ukiuona kwako, fanya hivi:

1. Ngoja kwanza. Kama inaandika «mises à jour», kuanza upya ni kawaida. Usiikatize.

2. Chomoa vitu vyote vilivyochomekwa: kipanya, mashine ya kuchapa, waya wa intaneti. Kisha zima. Ikilala, rudisha kimoja kimoja. Kile kitakachoiamsha ndicho chenye kosa.

3. Ondoa «démarrage rapide». Mpango huu uliingia na Windows 8, mwaka 2012. Unaifanya kompyuta isizimike kabisa, ili kesho iwake upesi.

4. Windows imepangwa ianze upya yenyewe ikipata kosa kubwa, hata kama kosa limetokea wakati wa kuzima. Fungua «Paramètres système avancés», kisha «Démarrage et récupération», na ondoa alama kwenye «Redémarrer automatiquement». Hiyo si dawa; ni kama kupima homa. Kioo kitabaki na jina la kosa. Liandike, umpe fundi.

Ikikataa kabisa, hifadhi kazi yako, kisha bonyeza kifungo cha kuwashia bila kuachia, mpaka izimike. Sekunde 10 zinatosha.

Sasa sikiliza vizuri. Hata kompyuta ya mezani iliyolala vema, kama waya uko ukutani, umeme mdogo wa volti 5 unaendelea kupita ndani yake. Ndiyo sababu inaweza kuamka. Na ukutani kuna volti 220, zinazoweza kuua. Basi usipanguse wala kufungua kitu kabla ya kuchomoa waya. Boksi lake la umeme usilifungue kamwe: linaweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Wafundishe watoto pia.

Kazini sheria ni ile ile. Mkanda wa kubebea mawe uliosimama si mkanda uliokatwa umeme. Mtu aliye mbali anaweza kuuwasha, nawe mkono wako uko ndani. Kata umeme, funga kufuli lako mwenyewe, tundika kibao, kisha jaribu kuuwasha. Usipowaka, ndipo uanze kazi. Ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa mwenzako wala kwa shefu.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimguse! Kata umeme kwanza. Kisha tazama kama anapumua. Kama hapumui, ita msaada na mara moja sukuma kifua chake katikati, kwa nguvu na upesi, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Hata akisimama na kusema ni mzima, mlete dispensari, kwa maana umeme unaweza kuvuruga moyo.

Kompyuta inayoamka bila ruhusa inatuudhi tu. Mkanda unaoamka bila ruhusa unachukua mkono, au baba wa watoto. Kata, funga, jaribu, nawe utarudi nyumbani salama.