Balbu Ipi Inafaa Chumba Kipi: Kaya za Mahege na Matumizi Sahihi ya Taa za LED

Kadiri huduma ya umeme inavyoendelea kusogezwa vijijini kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), kaya nyingi za Mahege na maeneo mengine ya Wilaya ya Kibiti zinaachana na koroboi na kuanza kufunga balbu. Hatua hiyo huja na uamuzi ambao wengi huufanya kwa haraka dukani, yaani ni balbu gani inunuliwe na ifungwe wapi. Uamuzi huo mdogo huonekana kila mwezi kwenye mita ya LUKU.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba yenye balbu nne za kizamani, zile za waya unaowaka ndani ya kioo, kila moja ikiwa na wati 60, ikiziwasha kwa saa tano kila usiku hutumia uniti 1.2 kwa siku, sawa na uniti 36 kwa mwezi. Nyumba hiyohiyo ikifunga balbu nne za LED za wati 9, ambazo hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa wati 60, hutumia uniti 5.4 tu. Sababu ni kwamba balbu ya waya hugeuza sehemu kubwa mno ya umeme kuwa joto, na takribani asilimia 5 pekee ndiyo huwa mwanga.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi kwa mteja wa nyumbani aliye katika kundi la D1. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hutozwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo nyingine. Ichukuliwe kaya yenye friji ndogo ya kuuzia barafu, televisheni na pasi, ambavyo kwa pamoja hutumia uniti 60. Ikiongeza balbu nne za waya hufikia uniti 96, na gharama yake huwa shilingi 14,850. Ikitumia LED hubaki kwenye uniti 65.4, kwa gharama ya shilingi 6,540. Friji haikuguswa wala televisheni haikuzimwa. Kilichobadilika ni balbu peke yake.

Wapo wanaodhani kuwa, kwa kuwa Mto Rufiji sasa unazungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115, suala la kubana matumizi limepitwa na wakati. Wingi wa umeme katika gridi ya Taifa ni jambo jema, lakini mita ya nyumbani huhesabu uniti kwa namna ileile.

Kosa la kwanza dukani ni kuchagua kwa kutazama wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Baadhi ya maboksi huandika "100W" mbele, na pembeni kwa maandishi madogo huonesha kuwa balbu yenyewe ni ya wati 12 au pungufu. Ile 100 ni ulinganisho na balbu ya kizamani. Kipimo cha mwanga ni lumeni. Balbu yenye lumeni 800 hivi hutosha chumba cha kawaida. Kipimo cha pili ni rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa namba na herufi K. Namba 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano unaofanana na wa balbu ya zamani, 4,000 ni mweupe wa wastani, na 6,500 ni mweupe unaoelekea buluu.

Chumba cha kulala hakihitaji mwanga mkali. Balbu ya wati 3 hadi 5 yenye rangi ya manjano inatosha, na haisumbui macho ya mtoto anayeamka usiku. Sebuleni, ambako mara nyingi ndiko watoto wanakosomea, hali ni tofauti. Hapo inafaa balbu ya wati 9 au 12 yenye 4,000K, ifungwe karibu na meza na si kwenye kona ya mbali, kwa sababu mwanga hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Mwanafunzi anayesoma huku kivuli cha kichwa chake kikiangukia daftari hasaidiwi na balbu kubwa. Anasaidiwa na taa iliyohamishwa.

Fundi cherehani anayefanya kazi barazani, au mama muuza khanga, anapaswa kutazama jambo moja zaidi kwenye boksi: alama Ra, inayoonesha ni kwa kiasi gani rangi za vitu huonekana kama zilivyo. Ra ya 80 au zaidi ndiyo inayofaa. Chini ya hapo uzi mweusi na wa buluu iliyokolea hufanana, na nguo hulazimika kufumuliwa asubuhi.

Barazani na msalani, hasa kwa nyumba zilizo karibu na mikoko ambako hewa ina chumvi na unyevu, soketi ya balbu hupata kutu mapema kuliko balbu yenyewe. Taa inayonyeshewa inapaswa kuwa na alama IP65, ikimaanisha kuwa haiingiliwi na vumbi wala maji ya mvua. Rangi ya manjano inafaa pia nje, kwa kuwa wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga wa buluu na mweupe mkali. Hilo hupunguza kumbikumbi kwenye sahani ya wali, lakini mbu humfuata mtu hata gizani, hivyo chandarua kinabaki palepale.

Jikoni panahitaji uangalifu wa pekee. Kuni hujaza masizi juu ya balbu na kupunguza mwanga wake. Ifutwe kwa kitambaa kikavu ikiwa imezimwa na imepoa. Katika nyumba za makuti, balbu ya waya inayogusa au kukaribia paa ni hatari ya moto. LED hupata joto dogo zaidi, ingawa nayo isibanwe katikati ya makuti, kwani joto huua vifaa vilivyo ndani ya kitako chake. Ndiyo maana balbu iliyoandikwa kudumu saa 15,000, yaani takribani miaka minane kwa saa tano za kila siku, wakati mwingine huzimika ndani ya mwaka mmoja.

Sababu nyingine ya kuharibika mapema ni umeme usio imara. Volti ya kawaida nyumbani ni 230, lakini kaya zilizo mwishoni mwa laini hupata pungufu nyakati za jioni. Mnunuzi achague balbu inayoonesha uwezo mpana, kwa mfano 170–265V, na ahakikishe ina alama ya ubora ya TBS. Aende pia akijua aina ya soketi aliyonayo, ya pini mbili za pembeni au ya kuzungusha, na aombe balbu iwashwe dukani kabla ya kulipa.

Kaya za visiwani katika delta zinazotumia sola zina tahadhari yao. Balbu ya sola ya volti 12 hufanana kwa sura na ya umeme wa gridi, na baadhi zina kitako kilekile. Ikifungwa kwenye soketi ya TANESCO huungua papo hapo na inaweza kupasuka. Familia inayohama kutoka sola kwenda gridi izitenge balbu hizo mapema, ikiwezekana kwa kuziwekea alama ya kalamu ya wino. Taa za mirija iliyojikunja nazo zisitupwe kisimani, mtoni wala jalalani wanakocheza watoto, kwa kuwa zina zebaki. Ikivunjika ndani, milango na madirisha yafunguliwe kwanza, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu badala ya kufagiliwa.