Kolajeni: gundi ya mwili inayotengenezwa na hamira

Mama akichemsha makongoro jioni na supu ikabaki hadi asubuhi, huikuta imeganda sufuriani na kutikisika. Kinachoigandisha ni kolajeni iliyotoka katika ngozi, kano na mifupa ya miguu ya ng'ombe, ikalainishwa na moto. Wewe pia unayo kolajeni mwilini mwako. Mwezi huu tunaeleza jinsi wataalamu walivyoiwezesha hamira kutengeneza kolajeni ya binadamu, na kwa nini habari hiyo inahusu hata chungwa unalomnunulia mtoto.

Kolajeni ni nini?

Kolajeni ni protini. Kati ya robo na theluthi ya protini yote iliyo mwilini mwetu ni kolajeni. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, na kweli kazi yake ni kushikilia. Inashikilia ngozi, mifupa, kano, gegedu, kuta za mishipa ya damu, na hata konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Ukijikata kwa kisu, chembe hai zilizo kandokando ya kidonda hutengeneza kolajeni mpya ili kuziba pengo. Kovu linalobaki ni kolajeni kwa sehemu kubwa.

Umbo lake ni kama kamba ya katani: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Nguvu yake yote imo katika msokoto huo.

Kwa nini tusitumie ya ng'ombe?

Kwa miaka mingi hospitali zimetumia kolajeni ya wanyama katika nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, katika vitambaa vya kufunika vidonda, na katika sindano za kujazia ngozi iliyobonyea. Imesaidia wengi na bado inatumika. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, kati ya watu 100 waliopimwa kwa sindano ya kolajeni ya ng'ombe, kama 3 ngozi yao huikataa kwa kuvimba na kuwasha. Pili ni hofu ya magonjwa. Mwaka 1986 Uingereza iligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na mwaka 1996 serikali yake ikatangaza kwamba yaelekea watu walikuwa wameupata kutokana na ng'ombe hao. Tangu hapo kila kilichotoka kwa ng'ombe kikaanza kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Basi wataalamu wakauliza: je, hatuwezi kupata kolajeni ya binadamu bila kumkata mtu wala mnyama?

Hamira inafundishwaje?

Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani wanaijua insulini. Tangu mwaka 1982, insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria imekuwa ikiuzwa kama dawa. Njia yenyewe ni hii: ndani ya chembe hai zetu kuna jeni, ambazo ni maagizo ya kutengeneza kila protini. Wataalamu hunakili jeni wanayoitaka na kuitia ndani ya kiumbe kidogo kinachozaana upesi. Kiumbe hicho husoma maagizo na kutengeneza protini ya binadamu kana kwamba ni yake.

Kwa kolajeni mambo hayakuwa rahisi hivyo. Nyuzi zake tatu zikishatengenezwa, lazima zipitie fundi wa pili kabla ya kusokotwa. Fundi huyo ni kimeng'enya kinachozirekebisha sehemu nyingi ili msokoto ushike. Bakteria hawana fundi huyo, na hamira pia haina. Kolajeni isiyorekebishwa hufumuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na mwili wetu una nyuzi 37. Ingetiwa kwenye kidonda, ingefumuka.

Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu huko Ufini, akiwemo Profesa Kari Kivirikko, walieleza jinsi walivyotatua jambo hilo. Walichukua aina fulani ya hamira, wakaitia jeni ya kolajeni ya binadamu pamoja na jeni mbili za kumtengeneza yule fundi. Wakaona jambo la ajabu: fundi hudumu vizuri pale kolajeni ilipo, na kolajeni nayo hudumu pale fundi alipo. Kila mmoja anamhitaji mwenzake. Baadaye, nchini Israeli, miche ya tumbaku ilitiwa jeni 5 za binadamu, nayo ikatoa kolajeni katika majani yake.

Imemsaidia nani?

Mwaka 2007 huko Linköping, Uswidi, madaktari waliwawekea wagonjwa 10 konea zilizotengenezwa kwa kolajeni ya binadamu iliyotoka kwenye hamira. Kwa kawaida mgonjwa wa namna hiyo husubiri konea ya mtu aliyefariki, na wengi duniani hawaipati. Matokeo ya miaka miwili yalitangazwa mwaka 2010. Hakuna jicho lililoikataa konea hiyo, chembe hai na mishipa ya fahamu ya wagonjwa wenyewe iliota ndani yake, na wagonjwa 6 kati ya 10 waliona vizuri zaidi kuliko kabla ya upasuaji. Hawa ni wachache, na si tiba utakayoikuta katika kila hospitali. Lakini njia imeonekana.

Fundi wako anahitaji nini?

Msomaji, hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwako. Yule fundi wa kurekebisha kolajeni hafanyi kazi vizuri bila vitamini C. Mtu akiikosa kwa miezi michache, fizi hutoka damu, meno hulegea, vidonda havifungi, na hata makovu ya zamani huweza kufunguka. Ndicho kiseyeye, kilichowaua mabaharia wengi. Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, akawapa tiba mbalimbali. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Kwa hiyo:

1. Wape watoto mapera, machungwa, mapapai, maembe na ubuyu. Mboga za majani zisipikwe mno, kwa maana moto mwingi huharibu vitamini C.

2. Usidanganyike na unga au vinywaji vya kolajeni vya bei kubwa. Tumbo huimeng'enya kolajeni kama protini ya maharage au dagaa. Haiendi moja kwa moja kwenye ngozi au kidonda.

3. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona baada ya majuma mawili kionwe zahanati. Huenda ni kisukari au ugonjwa mwingine.

4. Jicho likichomwa na kijiti au likiingiwa na kitu, usitie maziwa, majani wala dawa ya jirani. Nenda kwa mganga siku hiyohiyo. Konea ikishapata kovu huacha kuwa angavu, na konea mpya ni vigumu kuipata. Kuilinda uliyo nayo ndiyo tiba iliyo karibu nawe.